Msongo wa Kimaadili Figo Zinapokuwa Haba: Mwongozo Kamili kwa Wahudumu wa Kitengo cha Figo

Asubuhi moja ya Jumatatu, mashine zikiwa bado zinaandaliwa kwa zamu ya kwanza, mke wa mgonjwa alinishika mkono mlangoni mwa kitengo cha kusafisha damu akaniuliza swali ambalo kila muuguzi wa figo amewahi kuulizwa: "Sista, kwani figo ya mume wangu itapatikana lini?" Mumewe alikuwa na miaka 34 na ndugu wanne. Wawili kati yao makundi yao ya damu hayakuoana na lake, wa tatu alikuwa na kisukari, na wa nne aliacha kupokea simu tangu siku alipoitwa kupimwa. Jibu la kitabibu nilikuwa nalo. Nisilokuwa nalo ni namna ya kusimama mbele ya mama yule nikijua kwamba tiba ipo, kwamba inafanyika katika mji uleule tuliokuwamo, na kwamba mumewe huenda asiipate.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, madaktari, waratibu wa upandikizaji na maafisa ustawi wa jamii wanaobeba jambo hilo kila wiki na kurudi nalo nyumbani. Umetokana na mazingira ya Afrika Mashariki, ambako huduma ya kupandikiza figo bado ni changa. Tanzania iliwapeleka wagonjwa wake India kwa miaka mingi hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwezi Novemba 2017, ikafuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwezi Machi 2018. Kenya ilitangulia, kwa kuwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta imekuwa ikipandikiza figo kwa miongo kadhaa, ilhali Rwanda na Uganda zilianza mwaka 2023. Karibu figo zote zinazopandikizwa katika nchi hizi hutoka kwa ndugu walio hai.

Jambo hilo la mwisho ndilo linaloutofautisha msongo wetu na ule unaoelezwa na wenzetu wa ng'ambo. Nchini Marekani zaidi ya watu 100,000 wamo katika orodha ya kusubiri kiungo, na mhudumu wa kule huuona uhaba kama foleni. Kwetu hakuna foleni ya namna hiyo. Uhaba una sura ya kaka, ya shangazi, ya binti wa kwanza. Unakaa kwenye kiti cha chumba cha mahojiano na kukutazama usoni. Ndiyo maana hatua ya nne ya mwongozo huu ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya kwanza: jua ni maumivu gani uliyo nayo

Mwaka 1984 mwanafalsafa wa Marekani, Andrew Jameton, alipokuwa akiandika kuhusu maadili ya uuguzi, aliipa jina hali ya mhudumu anayelijua lililo sahihi kutendwa lakini akazuiwa kulitenda na taratibu au mazingira ya taasisi yake. Hali hiyo ndiyo tunayoiita hapa msongo wa kimaadili, na si kila maumivu ya kazini ni msongo huo. Kuna huzuni, ambayo ni haki ya mtu aliyempoteza mgonjwa wake. Kuna tanzi, pale ambapo njia mbili zote zina haki na hujui uchague ipi. Kuna uchovu wa kazi, ambao hupungua ukipewa likizo na wenzako wakiongezwa kwenye zamu. Kwa Kiswahili tunasema nafsi inamsuta mtu aliyekosa. Katika msongo wa kimaadili nafsi humsuta mtu ambaye hakukosa, na kwa sababu hiyo wengi huona aibu kuusema, wakidhani kwamba wakiueleza watakuwa wanakiri kosa.

Njia rahisi ya kujipima ni kuikamilisha sentensi hii kwa maandishi: "Lililokuwa sahihi ni ..., na nilizuiwa na ...." Ukishindwa kuijaza sehemu ya kwanza, uko kwenye tanzi, na unachohitaji ni mashauriano. Ukijaza sehemu ya pili kwa neno "ugonjwa" peke yake, uko kwenye huzuni, na unachohitaji ni watu wa kukaa nawe. Ikiwa sehemu zote mbili zinajazika, na kizuizi ni sheria, bajeti, amri ya mkubwa, ukimya wa kitengo au shinikizo la familia, basi endelea na hatua zinazofuata.

Kisha jipe alama ya msongo kuanzia 0, yaani haupo, hadi 10, yaani umezidi kabisa, mwishoni mwa zamu, na uiandike. Watafiti wa maadili ya uuguzi, Elizabeth Epstein na Ann Hamric, walieleza mwaka 2009 kwamba kila tukio la namna hii huacha masalia, na tukio linalofuata huanzia juu ya masalia hayo, si chini. Muuguzi anayelia kwa sababu ya fomu iliyopotea mara nyingi halii kwa sababu ya fomu.

Hatua ya pili: tenganisha uhaba wa figo na uhaba wa mpangilio

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tumezoea kusema "figo hazipo" kana kwamba maneno hayo mawili yanafafanua kila kitu, na kwa kusema hivyo tunayafunika mambo mengi ambayo yana mwenyewe na yanaweza kurekebishwa. Kundi la damu lisilooana ni jambo la maumbile. Damu ya mgonjwa kuwa na kingamwili zitakazoishambulia tishu ya nduguye, jambo linalogunduliwa damu zao zinapochanganywa maabara, nalo ni la maumbile. Lakini mgonjwa ambaye amesafishwa damu kwa miaka miwili bila mtu yeyote kumweleza kwamba upandikizaji upo hakukosa figo. Alikosa dakika 20 za maelezo.

Vivyo hivyo, kiwango cha kawaida cha kusafisha damu ni vipindi vitatu kwa wiki, kila kipindi kikiwa cha saa nne, ilhali nchini Kenya bima ya taifa ya NHIF ililipia vipindi viwili kwa wiki kwa miaka mingi. Muuguzi aliyemwona mgonjwa akija na miguu iliyovimba kila baada ya siku nne hakuwa akishuhudia uhaba wa viungo, bali matokeo ya kifungu kimoja cha mkataba wa bima. Vilevile, aliyepandikizwa hulazimika kumeza dawa za kuzuia mwili kuikataa figo, kama vile takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni, muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Figo ya kaka ikipotea kwa sababu dawa zilikatika dukani kwa wiki kadhaa, aliyepoteza si mgonjwa peke yake. Kaka naye amebaki na figo moja na kovu, na zawadi yake imezikwa. Sijaona tukio linalowaumiza wahudumu kuliko hilo.

Chukua tukio lililokuumiza na uligawe. Kwa kila kipande cha kizuizi jiulize ni nani mwenye kalamu ya kukibadilisha: muuguzi kiongozi, mfamasia, mganga mfawidhi, mfuko wa bima, wizara, Bunge, au hakuna mtu. Kipande kisicho na mtu kiweke upande wa huzuni. Vilivyobaki vina anwani.

Hatua ya tatu: andika

Weka daftari dogo lisilo na jina la mgonjwa, namba ya faili wala picha. Andika tarehe, kilichotokea kwa sentensi mbili au tatu, ulichoamini kuwa sahihi, kilichozuia, mwenye mamlaka juu ya kizuizi hicho, na alama yako ya siku ile. Usiandike hukumu juu ya wenzako, kwa maana daftari hili siku moja litasomwa mezani. Baada ya miezi mitatu utaona kwamba matukio uliyoyadhani kuwa kumi tofauti kwa kweli ni mawili yanayojirudia, na jambo linalojirudia linaweza kujadiliwa kikaoni kwa namna ambayo kilio cha siku moja hakiwezi.

Hatua ya nne: mlinde mchangiaji, hata pale moyo wako uko kwa mgonjwa

Mgonjwa umemjua kwa miezi mingi. Unajua anavyopenda mto wake uwekwe, unaijua fistula ya mkono wake, ile mishipa iliyounganishwa ili damu ipite kwenda kwenye mashine, kuliko anavyoijua yeye. Mchangiaji unakutana naye leo. Ni rahisi sana, bila kukusudia ubaya, kuanza kumwona kama njia ya kumponya yule mwingine, na kitengo kizima kinaweza kuelekea huko bila mtu kutamka neno. Kwa hiyo utaratibu ni lazima ufanye kile ambacho hisia zetu hazitafanya: anayemhoji na kumtetea mchangiaji asiwe miongoni mwa wanaomtibu mpokeaji. Mahali ambapo watumishi ni wachache, hata afisa ustawi wa jamii kutoka wodi nyingine anatosha.

Mahojiano yafanyike faragha, bila mume, mzazi wala mkubwa wa ukoo. Usianze na swali la "Je, umekubali kwa hiari?" kwa sababu jibu lake limeshafundishwa nyumbani. Anza na "Nani wa kwanza kulitaja jambo hili katika familia, nawe ulikuwa wapi?" Kisha uliza, "Ukisema hapana leo, kesho nyumbani kutakuwaje?" Nyamaza baada ya swali la pili. Nakumbuka binti wa miaka 22 aliyekuwa ameusokota upindo wa khanga yake kidoleni mpaka ncha ya kidole ikabadilika rangi, na baada ya ukimya mrefu akasema, "Mama amesema kaka akifa, nisikanyage msibani." Vipimo vyake vyote vilikuwa vizuri. Kaka yake alikuwa mgonjwa wetu wa siku nyingi, kijana mpole ambaye kitengo kizima kilimpenda.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukitafakari kabla hakijakufika. Kumruhusu binti yule kungekuwa kumtoa mtu viungo kwa hofu. Kumzuia kulimaanisha kwamba kijana angeendelea na mashine hadi mwisho. Tulimzuia. Ninaamini tulifanya lililo sahihi, na bado alama yangu siku ile ilikuwa 9. Usitarajie kwamba uamuzi sahihi utakuja na amani. Mara nyingine huja mikono mitupu.

Namna ya kuitangazia familia uamuzi kama huo nayo ina utaratibu wake. Baadhi ya vitengo humbunia mchangiaji ugonjwa ili kumwokoa na lawama, na nia yao ni njema, lakini ugonjwa wa kubuni una miguu: hufika kwa wachumba na kwa mwajiri. Njia iliyo bora ni kuwaeleza ndugu wote tangu siku ya kwanza, kabla ya kipimo chochote, kwamba kitengo kitatoa jibu moja tu, "anaweza" au "hawezi kuwa mchangiaji," na kwamba sababu ni siri ya aliyepimwa, iwe ni damu, shinikizo la damu, umri au jambo jingine lolote. Ahadi ikishatolewa kwa wote mapema, ukimya wa baadaye haumnyoshei mtu kidole. Kumbuka pia kwamba duniani kote wanawake ndio wengi miongoni mwa wachangiaji walio hai. Dada au mke anaposukumwa mbele huku kaka watatu wenye afya wakiwa hawajapimwa, uliza kwa upole kwa nini.

Halafu kuna fedha. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani iliyoidhinishwa mwaka 2010 inataka viungo vitolewe bure na kwa hiari, ikiruhusu mchangiaji kurudishiwa gharama halali alizotumia, na Azimio la Istanbul la mwaka 2008 linalaani biashara ya viungo na utalii wa upandikizaji, yaani kusafiri hadi nchi nyingine kwenda kununua kiungo. Nchini Kenya, ambako Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ina sehemu inayohusu viungo vya binadamu, tuhuma za biashara ya figo ziliifanya serikali iunde kamati huru ya uchunguzi mwaka 2025. Dalili huonekana kwanza kwa muuguzi, si kwa daktari wa upasuaji. "Binamu" asiyejua mahali babu yao alikozikwa, kijana anayemtazama mtu mwingine kabla ya kujibu, nyaraka mpya kabisa za undugu wa zamani: ukiona haya usimkabili mtu mlangoni. Simamisha hatua inayofuata ya vipimo kwa kumwarifu mratibu, andika ulichokiona wala si unachokishuku, na hakikisha anayedhaniwa kuuza figo yake anatazamwa kama mtu wa kulindwa. Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inakuhesabu kumwondolea mtu viungo kuwa aina mojawapo ya unyonyaji katika usafirishaji haramu wa binadamu.

Hatua ya tano: dai vigezo vilivyoandikwa

Pale ambapo nafasi za mashine, vitanda vya upasuaji au fungu la msamaha wa gharama havitoshi, mtu huchaguliwa. Swali ni kama anachaguliwa kwa vigezo vinavyojulikana au kwa sauti ya aliyepiga simu. Mjini Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kamati ya watu saba iliamua nani aunganishwe na mashine za kusafisha damu zilizokuwa chache mno, na miongoni mwa mambo iliyoyapima yalikuwamo ndoa, kipato na kwenda kanisani. Habari hizo zilipochapishwa mwaka 1962 zilizua mjadala mkubwa, na tangu hapo wengi wamekubaliana kwamba kuipima "thamani" ya mtu si kazi ya hospitali.

Mjini Durban, mwaka 1997, mgonjwa wa kisukari na moyo aliyenyimwa huduma ya kudumu ya kusafisha damu katika hospitali ya umma alifika hadi Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini. Mahakama iliona kwamba hospitali ilikuwa na mashine 20 tu, kwamba ilifuata mwongozo wa kuwapa kipaumbele wanaofaa kupandikizwa figo, na kwamba mwongozo huo ulitumika kwa haki; ikamkatalia. Alifariki siku chache baada ya hukumu. Nimeisoma hukumu hiyo zaidi ya mara moja. Naiona kuwa sahihi kisheria, wala sidhani kwamba ilimpunguzia uchungu muuguzi aliyekuwa zamu. Lakini ilimpa jambo moja kubwa: aliweza kujua kwamba hakumnyima mtu kwa upendeleo. Uliza, basi, kama kitengo chako kina vigezo vya maandishi, vina tarehe gani, nani aliviidhinisha, na mgonjwa akikataliwa ana njia gani ya kuomba kesi yake itazamwe upya. Kama havipo, hilo ndilo liwe ombi lako la kwanza kikaoni.

Hatua ya sita: itisha kikao

Usisubiri kamati ya maadili ya hospitali ikiwa haipo au inakutana mara moja kwa mwaka. Dakika 30 baada ya zamu, mara moja kwa mwezi, katika chumba chenye mlango unaofungwa, zinatosha kuanza. Wawepo wauguzi, daktari, mfamasia, afisa ustawi wa jamii na, ikiwezekana, mhudumu wa usafi, ambaye mara nyingi ameongea na ndugu kwenye korido kuliko sisi sote. Aliye chini kwa cheo aanze kusema, kwa sababu daktari bingwa akishatoa maoni yake hakuna atakayempinga. Jadilini tukio moja tu kwa kutumia ile sentensi ya hatua ya kwanza, na msiondoke bila kuandika ombi moja, mtu wa kulipeleka na tarehe ya kurudisha jibu. Kikao kinachoishia kwa pole peke yake huwarudisha watu nyumbani na mzigo uleule.

Hatua ya saba: andaa maneno ya kumwambia mgonjwa

Mgonjwa na ndugu zake wanastahili ukweli usiokatisha tamaa na usiodanganya. Epuka "Mungu atafungua njia" pale unapolitumia kama pazia la kufunika jibu unaloogopa kulitoa. Imani yao iheshimu kwa kutoitumia namna hiyo. Epuka pia "mtafute mtu tu," kwa kuwa sentensi hiyo ndiyo huwapeleka wengine kwa madalali. Yule mama wa Jumatatu nilimjibu hatimaye, nikiwa nimekaa naye benchini: "Mama, kwa ndugu waliopimwa hadi leo, hakuna anayeweza kumpa. Hili si kosa lako wala lake. Tutaendelea kumsafisha damu, na leo ningependa tuzungumze ni jinsi gani siku zake za mashine ziwe nafuu." Alilia, kisha akauliza kuhusu chumvi kwenye mboga. Tulizungumza kuhusu chumvi.

Hatua ya nane: mgonjwa anapofariki akisubiri

Katika vitengo vyenye foleni, kiti cha marehemu hupata mgonjwa mwingine wiki ileile, pengine siku ileile, na hakuna anayesema lolote. Ombeni dakika tano. Muuguzi aliyemzoea atamke jina lake mbele ya wenzake, mtu mmoja apewe jukumu la kuwapigia ndugu simu ya rambirambi kwa niaba ya kitengo, na anayekikalia kiti kile siku ya kwanza ahudumiwe na muuguzi mwingine ikiwezekana. Kama kulikuwa na mchangiaji aliyezuiwa au aliyekataa, mratibu amtafute kando, kwa faragha, kwa kuwa yeye atakuwa msibani, au nje ya msiba, akibeba jambo ambalo sisi tu tunalijua.

Hatua ya tisa: kuripoti, kukataa na kuhama

Yapo mambo yasiyosubiri kikao cha mwezi: dalili za kuuzwa kiungo, saini ya ridhaa isiyo ya mwenyewe, mgonjwa kurukwa kwa ajili ya mwenye fedha. Anza kwa maandishi kwa mkuu wako, weka nakala, na kama yeye ndiye anayehusika panda ngazi hadi kwenye baraza la taaluma yako. Tanzania ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Isome, au mwombe mwanasheria wa chama chenu akusomee, kabla hujaihitaji. Ukikataa kushiriki katika utaratibu unaoamini kuwa si halali, kataa mapema na kwa maandishi, usimwache mgonjwa katikati ya huduma.

Rudia kupima alama zako kila baada ya miezi mitatu. Zikiwa zimebaki 7 au zaidi katika vipindi viwili mfululizo, na maombi ya kitengo hayajajibiwa, mwombe muuguzi kiongozi akuhamishie wodi nyingine kwa miezi sita, wala usilieleze ombi hilo kama udhaifu. Tumia maneno yaliyomo kwenye daftari lako. Siku ya kukabidhi, mpe anayekufuata orodha ya maombi ambayo bado hayajapata jibu, kila moja na tarehe yake na jina la ofisi lilikopelekwa.